Magari ya Sare

Gari la kwanza la rali nililoliona maishani mwangu lilikuwa limefungiwa karanga. Mama muuza karanga wa nje ya geti la shule alichana gazeti, akalisokota pembe, akanijazia kikombe kimoja. Nilipomaliza kula nikaikunjua karatasi ili nilambe chumvi iliyobaki. Ndani yake kulikuwa na picha ya gari lililokuwa hewani. Magurudumu yote manne hayakugusa chini, matope yametapakaa ubavuni, na nyuma yake watu wamejibanza kwenye nyasi, nusu wanakimbia, nusu wanacheka.

Sisi wa Kilwa Masoko tunayajua matope. Masika barabara ya Dar es Salaam ilikuwa ikikatika, na malori yalilala njiani mpaka madereva wakajenga urafiki na wenyeji, wakapikiwa. Kwetu gari ni kitu kinachokwama. Lile la kwenye gazeti lilikuwa kwenye matope yale yale na halikukwama. Nililibandika kwa ugali kwenye jalada la daftari langu, upande wa ndani, ili asilione mtu.

Daftari lile ndimo nilimokuwa nikiongea. Kwa mdomo nilikuwa na maneno machache sana: shikamoo, ndiyo, hapana, sijui, na lile lililoniponza, "yoyote tu". Ukiniuliza unataka chai au uji, yoyote tu. Gauni la njano au la kijani, yoyote tu. Watu wazima walilipenda jibu hilo. Walisema huyu mtoto ana adabu, haoneshi tamaa. Nami nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidi kunyamaza, mpaka ikawa hata nikitaka kitu kwa moyo wote, jibu lilitoka lenyewe kabla sijalikamata.

Nyumbani tulikuwa tunakaa kwa bibi, mama yake mama. Pamoja nami alilelewa mtoto wa mama mkubwa, kaka yangu kwa miezi minne tu, na tulikuwa darasa moja. Yeye alikuwa na maneno ya watu wawili, ya kwake na yale niliyoyaacha mimi. Bibi alimwita "mume wangu" na mimi aliniita "mke mwenzangu", kama mabibi wote wanavyotania wajukuu. Lakini penye kugawa kitu, utani ulikwisha. Bibi alikuwa na sheria moja: sare. Idi ikija alinunua jora moja, kaka akashonewa shati, mimi gauni, kitambaa kile kile, ua lile lile, na mabaki yakawa foronya. Hapo nyuma mtu mmoja alituletea kandambili, za kaka za bluu na zangu nyekundu, na kaka akalia nyekundu ndiyo nzuri, nyumba ikachafuka mwezi mzima. Tangu siku hiyo bibi aliapa: hakiingii kitu humu kwa hawa wawili isipokuwa kimefanana.

Mjomba wetu alikuwa dereva wa lori. Alichukua ufuta na korosho, akarudi na bidhaa za madukani, maana miaka ile serikali ilikuwa imefungulia biashara na kila mtu aliyekuwa na turubai alijiita mfanyabiashara. Siku moja, tulipokuwa tunasubiri matokeo ya kidato cha pili, alikunywa chai kwa bibi, akaniangalia, akasema, "Mjomba," kwa sababu kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "ukifaulu nakupeleka Lindi. Kuna duka la vitu vya Dubai. Utachagua unachotaka mwenyewe."

"Na mume wangu je?" bibi akadakia hata mate hayajakauka.

"Na yeye. Wote wawili."

"Na iwe sare."

"Mama, itakuwa sare."

Kaka akaruka. "Mimi gari! Gari la rimoti! Kuna mtoto wa meneja wa bandari analo, linakwenda lenyewe, linarudi lenyewe!"

"Na wewe mjomba?" mjomba akaniuliza.

Nilikuwa na gari mwaka mzima kwenye jalada la daftari. Nikasema, "Yoyote tu."

"Basi magari," akasema mjomba. Nikaenda jikoni nikajifunika uso kwa kanga nikacheka peke yangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza "yoyote tu" ilikuwa imeniangukia pazuri.

Tulifaulu wote. Likizo ikaja, tukapanda lori, kaka dirishani, mimi katikati, magoti yangu yakigusa gia. Kutoka Nangurukuru mpaka daraja la Mbwemkuru kaka aliongea na mjomba kuhusu injini, na mimi niliyapanga maneno kichwani. Nilijua ninalotaka. Si gari la kung'aa. Lile la rali, lenye matairi yenye meno na tumbo lililoinuka, kwa sababu uwanja wetu ni mchanga, na gari lenye tumbo la chini mchangani ni boti iliyopwelewa. Nilipanga kusema: "Mjomba, naomba lile pale." Maneno manne. Niliyarudia kimoyomoyo mpaka Lindi.

Duka lile zamani lilikuwa la ushirika. Mjomba alituambia aliwahi kupanga foleni pale kuanzia alfajiri kwa ajili ya sabuni ya mche, akapewa nusu mche na kibiriti. Sasa rafu zilikuwa zimejaa mpaka darini, madumu, thermosi za maua, saa za ukutani zenye picha ya Makka, wanasesere wenye macho ya kufumba. Mwenye duka alikuwa kijana wa Newala, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Karibu mzee wangu. Karibuni wadogo zangu. Mzigo huu mpya, hata vumbi halijaujua."

"Hawa wamefaulu," mjomba akasema. "Waoneshe magari. Mchague, msinimalizie siku, nina ufuta wa watu kule nje."

Yalikuwa kwenye rafu ya juu. Kijana alishusha maboksi manne ya plastiki inayoonesha ndani, akayapanga juu ya kaunta ya kioo. Moja lilikuwa gari la fahari, jeusi, limelala chini kama mjusi. Kaka akalikumbatia hapo hapo. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Hilo litakwama. Tazama tumbo lake."

Kaka akalipindua, akaangalia, akasema kwa sauti ya duka zima, "Mjomba, hili tumbo liko chini, litakwama mchangani. Tunataka ya rali."

"Mwone fundi!" mjomba akacheka, na mwenye duka akampa mkono kaka.

Yakabaki matatu, yote ya rali, yenye meno. Mawili meupe yenye mstari wa bluu. Moja jekundu. Nilikuwa nimelipenda jeupe, lilikuwa kama la kwenye gazeti. Kaka akachukua jeupe moja. Mimi nikalishika la pili, na kwa kuwa sikuwa na la kusema nikafanya nifanyacho siku zote, nikaanza kusoma. Nyuma ya boksi kulikuwa na Kiingereza, herufi ndogo ndogo kama chawa. Kiingereza cha kuongea sikukiweza, lakini cha kusoma nilikuwa nakifukuzia kwa kamusi ya shule mpaka nakikamata. Palikuwa na habari za betri, za maji, za watoto wadogo. Chini kabisa, palipochorwa kiduara chenye rangi, paliandikwa jambo ambalo nikiligeuza kwa lugha yetu ni hili: magari mawili yenye alama ya rangi moja yasiendeshwe mahali pamoja, kwa kuwa rimoti moja itayaongoza yote mawili.

Nikaangalia alama. Gari langu lilikuwa na stika ya njano tumboni. Nikainama kama naangalia kandambili zangu, nikaliangalia la kaka. Njano. Nikaligeuza lile jekundu pale kaunta. Bluu.

Nilisoma tena mstari ule. Basi ilikuwa rahisi: mimi nichukue jekundu. Nikarudisha jeupe kaunta, nikaweka mkono juu ya boksi la gari jekundu. Sikusema kitu. Niliweka mkono tu, nikategemea mkono utasema.

"Hapana mjomba," mjomba akasema kwa upole, akalitoa boksi chini ya mkono wangu. "Bibi yenu unamjua. Nikileta jeupe na jekundu nitalala nje ya mji. Yale mawili yanafanana, ndiyo hayo." Kisha akanitazama vizuri, maana si mtu mbaya hata kidogo. "Au una neno?"

Mwenye duka alikuwa ameshika kamba, amesimamisha mkono hewani ananingoja. Kaka ananiangalia. Nilikuwa na neno. Lilikuwa limeandikwa pale kwenye boksi, ningeweza kuliwekea kidole. Lakini ningelazimika kusema kwamba mjomba amekosea, na bibi amekosea, na sare yenyewe imekosea, na kwamba mimi kwa Kiingereza changu cha kamusi ndiye ninayejua, mbele ya kijana mwenye miwani ya jua.

"Sina, mjomba. Yoyote tu."

Kamba ikafungwa.

Njiani tulikwama, kama ilivyo ada. Si mbali na daraja, gurudumu la nyuma likazama, watu wakashuka kwenye malori mengine kusukuma, na sisi tukapelekwa kivulini na maboksi yetu. Ilichukua mchana mzima. Mchana mzima nilikuwa na mjomba umbali wa hatua kumi, anakata matawi ya kuweka chini ya tairi, na tulikuwa bado upande wa Lindi. Nikawa najiambia: akikata tawi hili nakwenda. Akikata lile jingine. Mwisho nikajipa moyo kwamba kwenye maboksi huandikwa mengi ambayo si lazima, hata kwenye kopo la maziwa kuna maneno mengi na bado watu wanayanywa tu. Lori likatoka matopeni na mimi nikabaki na neno langu.

Tulipofika, bibi akayapanga magari mawili juu ya mkeka, akayaangalia kama mtu anayepima mapazia. "Alhamdulillahi," akasema. "Hata mtu akitaka kugombana hana pa kuanzia."

Kaka akalifungua la kwake dakika hiyo hiyo. Lilikwenda, jamani. Lilikwenda uani kwa sauti ya nyuki, likagonga kinu, likarudi nyuma, likamfukuza jogoo. Watoto wa jirani wakajaa ukutani. "Fungua na lako!" kaka akapiga kelele. "Tushindane!"

"Nahifadhi betri," nikasema.

"Unazihifadhi zizae?"

Watoto wakacheka. Betri ndogo zilikuwa shida kweli Masoko, madukani zilijaa zile kubwa za redio na tochi, kwa hiyo sababu ikakubalika siku ya kwanza. Siku ya pili nikasema kichwa. Siku ya tatu nikasema tumbo, kwa kuwa tumbo la msichana halina maswali. Kaka alianza kuniangalia kwa huruma, akadhani naogopa kushindwa.

Asubuhi ya siku ya nne bibi akamtuma sokoni akanunue samaki. Yeye alikuwa amecheza tangu alfajiri. Akaliweka gari lake juu ya kabati chumbani kwake, mahali pa juu kabisa ili watoto wa jirani wasilifikie, akabeba kikapu, akaondoka. Nilimsikiliza mpaka mluzi wake ukapotea. Kisha nikatoa boksi langu chini ya kitanda, nikalifungua kwa mara ya kwanza.

Nikalipeleka nyuma ya nyumba, kati ya jiko na ukuta wa chumba cha kaka. Mvua ya usiku ilikuwa imeupiga mchanga ukawa mgumu, wenye ngozi juu kama uji uliopoa. Nikaliweka chini. Nikavuta antena. Nikasukuma kidole mbele.

Lilikwenda nilikolituma. Sijui niseme nini zaidi. Nilisukuma kushoto likaenda kushoto, nikaliita likarudi, na halikuniuliza, wala halikungoja nitoe sauti. Nililipitisha chini ya kamba ya nguo, nikalizungusha kwenye pipa la maji, nikalirusha juu ya ganda la nazi na magurudumu yote manne yakaacha ardhi, naapa, kwa kitambo cha kufumba jicho. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa na miaka kumi na tano na sikumbuki kama niliwahi kucheka kwa sauti nje ya nyumba.

Ndani kukalia kishindo.

Sikusimama. Nilisikia, lakini sikusimama, nililizungusha tena kwenye pipa. Nikamsikia bibi barazani, "Nani huko chumbani?" Halafu ungo wa mchele ukawekwa chini, halafu kandambili zake, halafu, "Wewe paka wewe! Laanakum! Toka!" Paka wa bibi, aliyekuwa amelala juu ya magunia maisha yake yote, akatoka dirishani kwa kasi akapita miguuni pangu.

Nikaingia na rimoti mkononi, nimeificha chini ya kanga. Gari la kaka lilikuwa sakafuni, limelala chali kwenye saruji, gurudumu la mbele limepinda kama mguu uliovunjika. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka. Bibi alikuwa amesimama ananyoosha kidole kwenye dirisha, anaeleza paka alivyoruka. Nikachungulia kidole changu ndani ya kanga. Kilikuwa bado kimesukuma mbele. Nikakitoa. Magurudumu yakasimama.

Kaka hakuwa amezima swichi. Kila nilipolituma langu mbele kule nje, la kwake lilikwenda mbele kule juu ya kabati. Nilipoliita, lilirudi. Nilipolirusha, likaruka.

Ninaandika ukweli kwa sababu daftari halina maana nyingine. Nilipiga magoti nikaliokota, nikajifanya nalitazama, na kidole gumba kikazima swichi yake tumboni, taratibu, bibi asione. Hilo nililifanya haraka sana, na langu nikalirudisha kwenye boksi kabla kaka hajafika. Mtu asiyeweza kusema maneno manne dukani aliweza hilo bila kufikiri.

Kaka alirudi na samaki. Hakulia. Alikaa sakafuni akalishika gurudumu na kulinyoosha, likamkatikia mkononi. Hapo ndipo midomo yake ilipoanza kucheza, akageukia ukutani. Afadhali angepiga kelele.

"Paka huyu hakai tena humu," bibi akasema, naye alikuwa ametokwa na machozi kwa ajili ya mume wake. Mchana ule ule paka akatiwa kwenye tenga, akapelekwa shamba Miteja na jirani aliyekuwa anakwenda huko kulima. Nilimsikia analia ndani ya tenga mpaka kwenye kona. Niliandika ukurasa mzima kuhusu paka, na mpaka leo siwezi kuusoma.

Kisha sheria ikasimama. "Lililobaki ni la wote," bibi akasema. "Na kwa kuwa mume wangu ndiye aliyepata hasara, na mke mwenzangu mwenyewe hana haja nalo, boksi lilikuwa halijafunguliwa hata siku moja, basi atacheza yeye. Au una neno?"

Wote waliniuliza hivyo hivyo. Au una neno.

"Sina, bibi."

Kaka akalichukua gari langu, akaliendesha kwa rimoti yake mwenyewe, aliyoizoea. Likamtii kama lilivyonitii mimi. Wala hakushangaa. Hakuna aliyeshangaa. Kwao magari yalikuwa sare, rimoti sare, ajabu iko wapi?

Wiki iliyofuata akalipeleka kwenye ghala la korosho. Ghala lile lilikuwa la chama cha ushirika, na tangu wanunuzi binafsi waanze kununua wenyewe kule kule mashambani lilikuwa tupu, sakafu ya saruji laini imelala wazi kama uwanja wa ndege. Mlinzi alituruhusu kwa sharti tusiguse mizani. Kaka alipanga njia kwa mafuvu ya nazi, watoto wakakaa ukutani wakishangilia kila kona. Nilisimama mlangoni. Ndani ya kanga nilikuwa nimeshika rimoti yangu. Sikuwa na mpango wowote, naomba niaminiwe. Niliishika tu, kama mtu anayeshika ufunguo wa nyumba aliyohama.

Gari langu likapita mbele yangu, likakata kona, likaenda zake mwisho wa ghala. Nikavuta antena ndani ya kanga. Nikaligeuza.

Likaja. Kaka alikuwa analituma kulia, likasitasita, likatetemeka, kisha likaja moja kwa moja kwangu, likasimama kwenye vidole vya miguu yangu.

"Limekuwa kichaa!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Limeona demu!" mwingine akasema, na ghala zima likacheka kwa mwangwi.

Kaka hakucheka. Alikuja polepole kulichukua, akainama, na alipoinuka macho yake yakawa sawa na ncha ya antena iliyotokeza kwenye kanga. Aliitazama muda mrefu. Nilimwona anavyofikiri. Nilimwona akifika sokoni, akirudi, akifika kabatini.

"Ile siku," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa uani."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Si paka."

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Ulijua tangu lini?"

"Lindi," nikasema. "Imeandikwa kwenye boksi. Njano na njano hazikai pamoja. Jekundu lilikuwa bluu."

"Lindi!" Akaweka mikono kichwani. "Mjomba alikuuliza. Nilikuwepo! Alikuuliza una neno, ukasema huna. Boksi halijafungwa hata kamba. Neno moja tu, dada. Angebadilisha hapo hapo. Mimi mwenyewe ningemshika bibi mpaka akubali." Kisha sauti yake ikakatika kidogo. "Mbona hukusema?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi kwenye daftari, kwa wino wa rangi mbili. Pale ghalani nililia tu. Watoto wakadhani ameninyang'anya gari, wakaanza kumzomea yeye. Hata kumtetea sikuweza.

Ajabu ni kwamba hakunisemea nyumbani. Usiku ule wakati wa kula hakunitazama hata mara moja, lakini hakunisemea. Kesho yake asubuhi akasema, "Mjomba anakuja Alhamisi. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitii neno." Akawa ananifundisha kama mtu anayefundisha mtoto kusalimia. "Sema: mjomba, tuletee jekundu, lenye alama ya bluu." Nikasema. Akanifanya nirudie nikichota maji, nikikuna nazi. Nilirudia vizuri sana. Mbele ya kinu niliweza kusema chochote.

Mjomba akaja Alhamisi. Habari za gari kuvunjika alishapewa na bibi kabla hajavua viatu. Akanywa chai, akakipindua kikombe, akatuita tukae mkekani. "Nimesikia ya paka. Msijali. Jumamosi nashuka Lindi, nitaleta jingine, ufuta mwaka huu umenipenda. Niambieni tu lipi."

Kaka akanigusa mguu kwa mguu. Alikaza midomo kabisa, yeye ambaye hajawahi kukaa kimya kwenye mkeka ule, akaniachia nafasi pana kama ghala. Bibi akanitazama. Mjomba akanitazama, akatabasamu. "Enhe, mjomba. Lipi?"

Nilisikia redio ya jirani inatangaza kitu. Nilisikia jogoo. Nililiona lile neno, jekundu, liko mbele yangu limesimama tayari, magurudumu manne, kila kitu.

"Yoyote tu."

"Basi nitaangalia kama yale meupe yamebaki," akasema mjomba, akasimama. "Yafanane."

"Yafanane," bibi akaitikia.

Kaka alinifinya mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Hajaondoka. Nenda kwenye lori. Nenda!" Nikaenda. Nilikimbia hata, mimi, barabarani, mbele za watu. Injini ilikuwa inanguruma. Nikasimama chini ya mlango wa dereva nikaushika, chuma kimoto kikaniunguza kiganja. Mjomba akashusha kioo, akainama kunisikiliza, akaweka na mkono sikioni kwa ajili ya kelele.

"Kuna nini, mjomba wangu?"

Nilifungua mdomo.

"Safari njema," nikasema.

"Ahsante sana," akasema, na nilimwona kabisa amefurahi, kwamba mtoto mnyamavu amekimbia njia yote kumtakia safari. Akaingiza gia. Vumbi likanifunika.

Kaka alikuwa kwenye kizingiti ananingoja. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Safari njema."

Aliniangalia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti na kushika mbavu, na mimi nikakaa kando yake, nikacheka kidogo, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Alipomaliza akajifuta macho kwa shati, lile la Idi, la jora moja na gauni nililovaa. Akaingia ndani, akatoka na gari langu na rimoti zote mbili, akaniwekea yangu mapajani.

"Zima yako," akasema. "Nacheza mimi kwanza."

Nikaizima.